Mtani Aliyemchekesha Mke Wangu Msibani

Mpendwa mshauri, nisaidie mapema kama gazeti lina nafasi, maana Jumamosi ya wiki ijayo ni arobaini ya baba mkwe wangu huko Magu na kufikia siku hiyo lazima niwe nimeamua, ama nimpeleke kwa mkono wangu mwenyewe mwanaume ninayemwonea wivu kuliko mwanaume mwingine yeyote, akamchekeshe mke wangu mbele ya ukoo wake mzima, ama nibaki hapa Pasiansi na mke wangu asirudi. Majina nimeyabadilisha, ila uchungu ni wenyewe.

Mimi ni Mjita, nimepita miaka arobaini, nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, sinywi pombe, sina mwanamke wa nje, na nimelelewa na baba mzee wa kanisa ambaye nyumbani kwake mtu akicheka kwa sauti aliulizwa ana shida gani. Mke wangu nimwite Selina, ni Msukuma wa Magu, tuna watoto wawili, mkubwa ni Precious, na tuliishi vizuri mpaka nyumba ya jirani ikapata mpangaji mpya, nimwite Mbaruku, Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa injini za mitumbwi, ana mke wake Shamsa, Mzaramo mwenzake, watu wazuri tu ukiwatazama.

Siku ya kwanza walipohamia mimi na Selina tulikwenda kuwapa karibu, na huyo bwana aliposikia tu kwamba mke wangu ni Msukuma, hata salamu hajamaliza, akasema, “Kumbe! Ndiyo maana tangu asubuhi nasikia harufu ya ng’ombe,” mimi nikakunja mikono nikijua leo tunapigana na mtu hata vyombo hajashusha, lakini mke wangu akashika kiuno akamjibu, “Wewe Mzaramo, nani kakuruhusu kunisemesha umesimama? Piga magoti, mtumwa wa babu yangu,” na yule bwana akapiga magoti kweli kwenye vumbi, wakacheka wote watatu, Shamsa akiwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, nami nikabaki nimesimama kama mtu aliyeingia kwenye harusi isiyomhusu. Selina akanieleza baadaye kwamba ni utani, kwamba Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi, nisijali. Nikasema sawa, sijali.

Mshauri, nilijali. Kila siku anapita uani kwetu, anafunua sufuria la mke wangu bila kuuliza, anachomoa kipande cha sato, anatafuna, anasema chumvi hakuna na bado anaongeza cha pili, na siku Selina akipika michembe na karanga anauliza hivyo ni viazi au soli za viatu, na Selina anamfukuza kwa mwiko akisema, “Nenda kwenu mkacheze ngoma, kazi yenu hiyo, mkisikia ngoma hata ugali mnauacha motoni!” Mimi alikuwa ananiita mlinzi, eti namlindia mke wake mpaka atakaporudi kumchukua. Na Selina anacheka. Mke wangu kwangu ni mwema, ananiita Baba Precious, nguo zangu ziko safi, sijawahi kulala njaa, lakini kile kicheko cha kutupa kichwa nyuma mpaka kitenge kinalegea, mpaka anashika ukuta, mimi sijawahi kukipata, mimi napata tabasamu.

Nilianza kurudi mchana kutoka kazini nikisingizia nimesahau fimbo za kuchomelea, nikimkuta Mbaruku uani naumia, nisipomkuta naumia zaidi kwa kuwa nadhani ametoka sasa hivi. Nikachungulia simu ya mke wangu, sikukuta mapenzi, nikakuta matusi matupu, “Umeshawaogesha ng’ombe wenzako?” na yeye kajibu, “Tuko bafuni, tunakusubiri wewe uje kusugua mgongo wa dume,” na nitakwambia ukweli, ningekuta mapenzi ningejua la kufanya.

Nikajaribu na mimi. Jumapili moja tumetoka ibadani, tunakula, nikamwambia mbele ya watoto, “Wewe mla michembe, ng’ombe wenu wana akili kuliko ninyi,” neno kwa neno kama alivyosema Mbaruku juzi yake akachekewa. Mke wangu alinitazama, akaweka sahani chini taratibu, akaniuliza, “Baba Precious, nimekukosea nini?” akaingia chumbani, na nilimsikia analia, na Precious akaniuliza baba kwa nini umemtukana mama.

Basi nikamwendea Shamsa, nikidhani nimepata mwenzangu wa kulalamika naye, nikamkuta anachambua dagaa, nikamwambia, “Shemeji, mumeo na mke wangu wamezidi.”

“Wamezidi nini?”

“Kucheka.”

Hakuinua hata kichwa. Alisema, “Shemeji, yule mwanaume akiingia ndani kwangu ananuna kama mvua ya masika. Mwache huko uani Selina amtoe sumu, mimi nimpate laini. Au na wewe unataka kutukanwa? Nenda basi ukatafute watani zako.”

Nikaondoka. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita baba mkwe, nimwite Mzee Luhende, alifariki. Alikuwa mzee mkali kidogo, mwenye mguu mbovu wa kushoto, mpenda redio na chai yenye sukari nyingi, na alikuwa anakuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya mguu, akifika tu anauliza mtumwa wake yuko wapi, Mbaruku analetwa, wanatukanana mpaka mzee anasahau mguu. Tulipopata taarifa nilifunga karakana, nikakodi gari, nikabeba maturubai na jenereta yangu, na kule Magu nilifanya kazi zote za mkwe na zaidi, nilichimba, nilichota maji, nilipanga viti, nililala chini, sikusikia mtu akisema asante na sikuwa naidai. Kilichoniumiza ni Selina. Alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake, macho makavu, hakulia, hakula, hakusema. Nilimpelekea uji akauweka pembeni. Nilimwombea. Nilimshika mkono, mkono ukabaki kama si wake.

Asubuhi ya mazishi ndipo Mbaruku akafika na Shamsa. Hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha marehemu, na alipotoka watu wote waligeuka kumtazama, maana alikuwa amevaa koti la mzee na kofia ya mzee, ameshika fimbo yake, anaburuta mguu wa kushoto vilevile kabisa, akakohoa kile kikohozi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mzee ambacho tangu msiba uanze hakuna aliyekikalia, akasema kwa sauti ya mzee, “Ehe. Nani kaniletea watu wote hawa bila kuniambia? Watalala wapi? Na hii chai kapika nani, mbona sukari imepita kwa mbali?” Watu wakaanza kuguna. “Selina! Wewe Selina! Redio yangu nani kaigusa?”

Na mshauri, mama mkwe, mjane mwenyewe, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu mumewe afe, akajibu kutoka kwenye mkeka, “Nyamaza huko mzee, betri umezimaliza mwenyewe na mpira wako!”

Uwanja mzima ukalipuka. Selina akacheka. Akacheka kile kicheko, mpaka kikageuka kilio, akalia machozi kwa mara ya kwanza tangu tufike, akawa analia na kucheka pamoja, na Mbaruku akamwambia kwa sauti ileile ya mzee, “Acha kelele, kunywa uji wako, nisije nikaambiwa nimekuacha na njaa,” na Selina akachukua kikombe cha uji, uji wangu mimi, ule nilioupeleka mimi, akanywa.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nilimshika kola, nikamvuta kutoka kwenye kiti, koti likachanika begani, kofia ikaanguka, nikasema, “Toka hapa, mshenzi wewe, hapa si ngomani!” Yeye hakunirudishia. Alisema tu, “Taratibu, jirani.” Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti, akaenda kukaa nyuma na wanaume wengine kama mgeni. Kicheko cha mke wangu kilikatika kama umeme. Tulizika kimya kabisa, mpaka nilisikia mchanga unavyogonga jeneza.

Jioni kaka mkubwa wa Selina, nimwite Shimba, aliniita pembeni akasema, “Shemeji, wewe kwetu ni mkwe, siwezi kukufokea. Ila ujue umefanya kitu ambacho sisi hapa hatuna jina lake.”

Nilirudi na watoto kwa sababu ya shule. Selina alibaki amalize matanga, matanga yakaisha, akabaki. Juzi kwenye simu kanieleza bila hasira yoyote, “Baba yangu alikuwa anaaga, wewe ukamkatiza. Siku ya arobaini mlete Mbaruku amalizie. Ukimleta wewe mwenyewe, narudi na wewe. Usipomleta, endelea na mageti yako.” Na huku watoto wangu wanakula kwa Shamsa kila siku, na Mbaruku ananisalimia kila asubuhi, “Habari za asubuhi, jirani,” kwa heshima kamili, haniiti tena mlinzi, na hiyo heshima yake inanichoma kuliko matusi.

Mshauri, mwanaume mzima atamwombaje mwanaume mwenzake aende akamchekeshe mke wake? Si ndiyo kukiri kwamba mimi nimeshindwa? Au mke wangu ananipima ajue nani ana nguvu? Nijibu, hata kwa ukali.

Wako, Baba Precious, Pasiansi.


MSHAURI ANAJIBU

Baba Precious, mpeleke.

Nimeanza na jibu kwa sababu una haraka, na kwa sababu wanaume wa aina yako nawajua, ukipewa pole kwanza unaishia hapohapo, unakunja gazeti, unajiona umeonewa. Mpeleke Mbaruku Magu, mpeleke na Shamsa, na umpeleke wewe, usimtumie nauli wala usimtume mtu. Sasa kaa nikuseme, maana umeomba ukali na mimi sina bidhaa nyingine.

Shimba amekwambia hawana jina la ulichofanya. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimezika baba na mama, na jina ninalo. Ulimkamata baba mkwe wako kola. Usinikatize. Najua ni Mbaruku, majirani wanajua ni Mbaruku, mwanao Precious angejua ni Mbaruku. Lakini koti lilikuwa la nani? Kofia ya nani? Mguu ulioburutwa ulikuwa wa nani, na mjane alikuwa anamjibu nani kuhusu betri? Kwa muda ule mfupi Mzee Luhende alikuwa amekaa kwenye kiti chake, analalamikia chai yake, mkewe anamfokea kama alivyomfokea maisha yao yote, binti yake anamcheka. Halafu mkwe, mtu ambaye kwa desturi yetu hata kupeana mkono na baba mkwe anapima, akainuka akamvuta kutoka kwenye kiti na kumchania nguo mbele ya mjane wake. Hicho ndicho Selina alichokiona. Unashangaa kwamba hajarudi? Mimi nashangaa kwamba amekupa masharti. Wengine wangekupa mabegi.

Nikueleze mtani ni nini, kwa kuwa umeishi jirani naye muda wote huo ukimchungulia na hukumwelewa. Kuhusu utani ulikotoka, wasomi wana vitabu vyao, wanataja misafara ya wapagazi waliotembea kutoka huku hadi pwani, wanataja vita, njaa na kupatana, nimevisoma na vinapendeza. Lakini msibani utaelewa bila kitabu. Kila mtu pale amefungwa. Mtoto wa marehemu amefungwa na kilio. Mchungaji amefungwa na mahubiri, atasema marehemu alikuwa mtu wa watu, maneno aliyosema kwa marehemu wa wiki iliyopita na atakayosema kwa wa wiki ijayo. Mkwe amefungwa na viti na maturubai. Anatakiwa mtu mmoja ambaye hakufungwa, anayeruhusiwa kusema kwamba huyu mzee alikuwa mkorofi, alipenda sukari kama nyuki na alifuja betri. Watu wa namna hiyo hawachaguliwi siku ya msiba, wanaandaliwa kwa miaka, kwa kila kipande cha sato kilichoibwa na kila tusi lililochekewa pale uani. Wewe uliona mwanaume anachezea sufuria lako. Alikuwa anajifunza familia yako ili siku ya giza awe na kitu cha kuwapa.

Najua simu za ofisini zitalia. Kuna wachungaji watakaoniambia utani msibani ni upagani, na kuna vijana wa mjini watakaosema ni ushamba. Pigeni, nipo. Ninyi vijana harusini kwenu mnamkodi mchekeshaji asiyemjua hata bibi harusi, mnampa kipaza sauti, anawatukania wakwe zenu kwa dakika anazolipwa, halafu mtu aliyemjua marehemu kwa sauti, kwa mguu na kwa kikohozi, mnamwita mshenzi. Na ninyi wachungaji, mjane aliyekuwa bubu amefungua kinywa. Mlitaka muujiza wa namna gani?

Nirudi kwako. Ulijaribu kumtukana mkeo kama anavyomtukana Mbaruku, akalia. Umeandika kama kitendawili. Tusi la mtani halina uzito kwa sababu mtani hana analomdai Selina. Hamlishi, hamhukumu, halali naye, hakumwoa, hawezi kumwacha. Wewe ni hayo yote, kwa hiyo neno lako likianguka linaanguka na nyumba nzima juu yake. Uliazima kwa jirani kitu ambacho hakiazimwi. Na ulipoona kwako kimeleta machozi, badala ya kumwomba radhi mkeo ukaenda kumshitaki Mbaruku kwa mkewe. Huyo Shamsa ana akili kuliko sisi wote, na kama anasoma hapa namsalimu.

Je, kuna kitu kati ya Selina na Mbaruku? Umepekua simu, jambo ambalo ni utovu wa adabu na sitalisamehe eti kwa kuwa umelikiri, na ulichokuta ni ng’ombe bafuni. Sikufichi, wapo watani waliovuka mpaka, sijazaliwa jana. Lakini anayetongoza hamwambii mwanamke ananuka zizi mbele ya mumewe, tena mke wake mwenyewe anasikia na anacheka. Siku ukimsikia Mbaruku anamwambia Selina kwa sauti ya chini, “Dada, leo umependeza, pole na kazi,” siku hiyo njoo mbio, nitakupa ushauri mwingine kabisa.

Sasa nikupe haki yako, maana unayo. Ulifunga karakana. Ulibeba jenereta, ukachimba, ukalala chini kwa mzee asiye baba yako, na katika ule uwanja wote hakuna aliyekwambia ahsante. Umeandika kwamba hukuwa unaidai. Uongo. Ulikuwa unaidai kwa kila kiti ulichopanga, na ulitaka ilipwe na mtu mmoja tu, Selina, kwa kukunywea ule uji. Akaunywa kwa amri ya mwingine. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara mbili na nimekuonea huruma, kwa kweli. Mtu anaweza kufanya yote yanayopaswa na bado asiwe yeye aliyehitajika saa ile. Inauma, na haina dawa zaidi ya kuivumilia. Lakini hebu fikiri, uji ulikuwa wa nani? Kama usingekuwepo wewe wa kuupeleka pale karibu yake, Mbaruku angemwamuru anywe nini? Alikuwa amebakiza sentensi mbili tatu amalize, akurudishie mke anayelia kama watu wanavyolia, umkumbatie. Uliuharibu msaada uliokuwa unakuja kwako.

Na Selina naye si malaika. Mwanangu, kama gazeti limefika Magu, sikiliza. Umeolewa na mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambayo kicheko ni kosa, na kwa miaka yote hiyo hukumweleza kwa utulivu kitu hiki ni nini, ulimwambia “usijali” kama mtu anavyomwambia mtoto. Aliyekuwa anarudi nyumbani mchana akisingizia amesahau vifaa, ulimwona, usiniambie hukumwona. Mumeo akirudi na wewe, mweleze. Na siku mojamoja na yeye umcheke, ana mengi ya kuchekesha, barua yake ni shahidi.

Baba Precious, fanya hivi. Leo jioni, gazeti likiwa bado mkononi, nenda kwa Mbaruku. Usimwite nje, ingia ndani, akiwepo na mkewe. Usihutubie. Usianze na baba yako mzee wa kanisa. Sema, “Nilikosea kwa mzee, naomba twende wote Magu Jumamosi.” Umeuliza mwanaume atamwombaje mwanaume mwenzake amchekeshe mkewe. Huombi hilo. Unamwomba amalize kumsindikiza baba mkwe wako, kazi ambayo wewe kwa damu yako huiwezi na yeye anaiweza. Hata ungekuwa na mageti yote ya Ilemela, hiyo huiwezi, na hakuna aibu.

Halafu mpigie Shimba. Mwambie akuulizie kwa wazee wa ukoo mkwe aliyemharibia mtani kazi yake anatoa nini, kuku au mbuzi, na chochote watakachotaja usipunguze, wala usiulize sababu. Koti lililochanika liombe, lishonwe, na livaliwe vilevile na alama ya mshono. Usinunue jipya kwa ajili ya kuficha aibu. Mama mkwe mwamkie kabla hujamwamkia mtu mwingine, na ukae mbali naye kama mkwe mwenye adabu, usije ukamzidishia mzigo kwa kulia miguuni pake.

Kisha itakuja sehemu ambayo najua hujaifikiria, na heri uisome hapa kuliko ikukute pale. Mbaruku atamaliza kumwigiza mzee. Watu watacheka, watalia, watajifuta macho. Halafu atasimama na ataanza kukuigiza wewe. Ni mtani, ameharibiwa kazi mbele ya watu, hiyo ni haki yake na hakuna mzee wa Magu atakayemzuia. Ataazima shati kama lako. Atapanga viti ambavyo tayari vimepangwa. Ataukaba mlingoti wa turubai kwa kola isiyokuwepo, atauita mshenzi, atauambia si ngomani. Shamsa atacheka, Shimba atacheka, mjane atasahau kidogo kwamba ni mjane. Na Selina, aliyekuwa kwako anatabasamu tu, atacheka mpaka ashike ukuta, na safari hii atakuwa anamcheka mume wake.

Usijieleze. Usitoke kwenda kuangalia gari. Kaa mahali Selina anapokuona, uchekwe mpaka wamalize wote, kisha umchukue mkeo mrudi nyumbani.